Waya Mwembamba wa Mita

Wiki iliyopita nilialikwa Morogoro kuzungumza na vijana wanaomaliza mafunzo ya umeme wa majumbani na viwandani, kuhusu nyaya nyembamba za mita za kupimia umeme. Mafundi wa mtaani nao walikuja kusikiliza. Wengi walioshindwa kufika wameniomba maneno yale, kwa hiyo nayaweka hapa yote kama nilivyoyasema. Michoro niliyokuwa naionyesha ukutani nimeiacha.

Mwenyekiti, walimu, mafundi wenzangu, vijana wangu mnaohitimu, na wazazi mliowasindikiza watoto wenu: asalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni.

Nimeshika kitu mkononi. Walio nyuma mnakiona? Ni kipande cha waya, urefu wake shubiri moja na nusu. Upande huu ganda lake ni jekundu, zima kabisa, ungesema umetoka dukani jana. Upande huu wa pili ganda hakuna. Shaba yenyewe imeyeyuka ikajikunja kuwa kitone cheusi kama punje ya mtama. Nitaupitisha kwenu, kila mmoja aushike.

Huu ni waya wa voltimita. Kazi yake tangu ulipofungwa ilikuwa kupeleka habari tu: leo kuna volti 400, leo zimeshuka hadi 370. Haukuwahi kuzungusha mota hata moja. Na huu ndio uliounguza paneli nzima, lile sanduku la bati lenye swichi na nyaya, ya mashine ya kukoboa mpunga kule Ifakara, katikati ya msimu, magunia ya watu yamepangwa hadi barabarani.

Niliitwa usiku, nikafika asubuhi. Mwenye mashine alikuwa amekaa juu ya gunia, hasemi. Ndani ya chumba harufu ilikuwa ile ambayo fundi akiisikia mara moja haisahau, plastiki iliyoungua imechanganyika na pumba. Mlango wa paneli ulikuwa mweusi kwa ndani. Breka ya mota ilikuwa nzima. Nyaya nene za mota zilikuwa nzima, zimeshikwa moshi tu. Nikatafuta mahali moto ulipoanzia, nikasogea kidogo kidogo hadi kwenye bawaba ya mlango. Pale palikuwa na tundu lililotobolewa kwa patasi, kingo zake kali kama kisu, halina pete ya raba. Nyaya tatu za voltimita zilipita humo kwenda mlangoni. Hakuna kilichozishika. Mashine ikiwaka, mlango unatetemeka. Ukitetemeka, waya unajisugua kwenye kingo. Siku moja, wiki moja, msimu mmoja, msimu wa pili. Siku ganda lilipokwisha, shaba ikagusa bati.

Watu wa pale walisema ajali haina kinga. Ndugu zangu, nimesikia maneno hayo kwenye kila paneli iliyoungua niliyoitiwa. Mimi siyakubali. Kinga ilikuwepo. Ni fyuzi tatu ndogo, pete moja ya raba na tai chache za nailoni, vile vifungo vya kubania nyaya. Bei yake yote haifiki bei ya debe la mchele uliokobolewa pale pale.

Sasa niwaulize vijana. Voltimita ya mlangoni inakula umeme kiasi gani? Nasikia mtu anasema kidogo sana. Ni kweli. Ile ya mshale inakula miliampea chache tu. Na mita ya mkononi ya kidijitali, ambayo nyingi zina ukinzani wa megaohmu 10, ukiiweka kwenye volti 230 inapitisha mikroampea 23. Hesabu hiyo mmefundishwa, ifanyeni wenyewe. Kwa hiyo fundi anajiambia: waya wowote unatosha, na waya wenyewe hauna kazi, kwa nini nihangaike?

Hapo ndipo tunapokosea. Waya hauangaliwi kwa kile unachokilisha peke yake. Unaangaliwa pia kwa kile kilichosimama nyuma yake. Nyuma ya waya ule kulikuwa na nini? Kulikuwa na transfoma ya kVA 100 (kVA ni kipimo cha ukubwa wake), nguzo chache tu kutoka pale. Transfoma ya kVA 100 kwenye volti 400 inatoa ampea 144 kwa kila fezi, yaani kila mmoja wa nyaya tatu zinazoleta umeme, ikiwa imebeba mzigo wake wote. Lakini ikipigwa shoti kwenye mikono yake, pale nyaya zinapotokea, inaweza kusukuma zaidi ya ampea 3,000. Ukiwa mbali zinapungua, kwa sababu nyaya za njiani nazo zina ukinzani wake. Ukiwa karibu hazipungui vya kutosha. Chukua mrija wa kunywea soda, uchomeke kwenye bomba kuu la maji la mji, halafu ukate ncha yake. Hivyo ndivyo waya wa voltimita ulivyo kwenye basibaa, kile chuma kinene kinachogawa umeme ndani ya paneli. Maji unayoyahitaji ni tone. Bomba halijui hilo.

Wazee walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Waya wa mota tunauheshimu kwa sababu ni mnene. Tunaupimia, tunauchagulia breka, tunaukaza lagi, kile kichwa cha chuma cha mwisho wa waya, kwa mashine. Waya wa mita tunaufunga jioni, tumeshachoka, kwa mabaki ya waya uliobaki sakafuni.

Sasa nije kwenye fyuzi. Fyuzi inakaa wapi?

Mmejibu karibu na mita. Nilijua mtajibu hivyo, kwa sababu hata fundi aliyeifunga paneli ya Ifakara upya kabla sijarudi kuikagua alijibu hivyo. Alinunua fyuzi nzuri, akazifunga mlangoni, sentimita tano kutoka kwenye voltimita, zimepangika zinapendeza. Nikamwambia: mwanangu, waya unatoka kwenye basibaa, unapita bawabani, unapanda mlangoni, mita moja na nusu nzima, ndipo unakutana na fyuzi. Ukichubuka bawabani, fyuzi yako itajua? Haitajua. Umeme utaishia pale bawabani, na fyuzi iko mbele inasubiri. Fyuzi inalinda kilicho baada yake. Kilicho kabla yake hakina mlinzi.

Kwa hiyo fyuzi inakaa karibu na chanzo. Karibu na chanzo. Semeni na mimi: karibu na chanzo. Kanuni za kimataifa za ufungaji zinaruhusu kipande kisicho na kinga kisizidi mita 3, nacho kiwe kimelindwa kisichubuke wala kisikaribie kitu kinachoweza kushika moto. Mimi kwenye paneli ninazozifunga sikubali mita 3. Nataka kipande hicho kiwe kifupi kadiri mkono unavyoweza kufanya kazi, sentimita 30 ikiwezekana chini ya hapo, kimevaa ganda la pili juu ya ganda lake, na kila fezi imeachana na mwenzake. Kwenye basibaa usiuchomeke waya mwembamba chini ya boliti ya kebo kubwa. Utaizuia kebo kubwa isikae sawasawa, nayo itaanza kupata joto. Toboa tundu lake mwenyewe, boliti yake mwenyewe, lagi yake, na washa ya springi, kile kipete cha chuma chini ya boliti. Na unapotoboa, basibaa iwe imezimwa na imethibitishwa imezimwa. Hilo nitalirudia, maana lina hadithi yake.

Fyuzi yenyewe ni ipi? Ampea 2 kwa kila fezi zinatosha. Lakini ampea 2 ni nusu ya habari. Ile fyuzi ndogo ya kioo, milimita 5 kwa 20, mnayoijua kutoka kwenye redio, mara nyingi imetengenezwa kukata shoti ya ampea 35 tu, au mara kumi ya ampea zake. Ukiiletea ampea 3,000 haikati. Inapasuka, na mwale wa umeme unaendelea kuwaka ndani ya vipande vya kioo. Fyuzi ya kauri ya plagi zetu za miguu mitatu, ikiwa ni ya kweli iliyotengenezwa kwa kiwango cha BS 1362, inapimwa kukata ampea 6,000, lakini hiyo ni ya volti za nyumbani. Kati ya fezi na fezi tuna volti 400. Chukueni zile za silinda za kauri zilizojazwa mchanga ndani, milimita 10 kwa 38, zimeandikwa volti 500. Zinakata makumi ya maelfu ya ampea. Soma kilichoandikwa kwenye fyuzi. Kisome chote, na volti zake pia.

Na mniruhusu niseme jambo moja ambalo vijana wengi huchanganya. Fyuzi ya ampea 2 inaokoa waya na paneli. Haiokoi mtu. Ile swichi ya kinga ya uvujaji inayofungwa majumbani kulinda watu hukata kwenye miliampea 30. Ampea 2 ni zaidi ya mara 60 ya hizo. Mtu akishika waya ulio baada ya fyuzi ile, fyuzi itatulia tu, na yeye ameshikwa.

Sasa kufunga, yaani kuushika waya usicheze. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu vitabuni hupitiwa kwa mstari mmoja na kwenye kazi ndiko paneli zinakokufa.

Tumieni waya wa nyuzi nyingi kwenda mlangoni, si ule wa uzi mmoja. Ule wa uzi mmoja ukikunjwa kila siku mlango unapofunguliwa hukatika ndani ya ganda na wewe huoni. Zikusanyeni nyaya zote za mlangoni pamoja, zivisheni mrija wa kujizungusha, halafu zishikeni sehemu mbili: moja kwenye mwili wa paneli, moja kwenye mlango. Katikati acheni ulegevu. Na sasa nitazameni mkono wangu: mrija huu usiupitishe ukakata bawaba kama daraja. Uulaze sambamba na bawaba, upande au ushuke pamoja nayo. Ukiukatisha, kila mlango ukifunguliwa waya unakunjika mahali pamoja. Ukiulaza sambamba, waya unajipinda mwilini mwake wote kama kamba inayosokotwa, na msokoto huo mdogo waya unaustahimili miaka mingi. Mjomba aliyenifundisha kazi alinionyesha jambo hili kwa kitambaa chake cha jasho, akakikunja, kisha akakisokota. Mpaka leo nikifunga mlango wa paneli nakiona kitambaa kile.

Vile vikalio vya tai vyenye gundi nyuma, mnavyovibandika ukutani mwa paneli, msiviamini. Paneli inapata joto, vumbi la pumba linakaa, gundi inaachia. Mwaka haujaisha vyote vinaning'inia kwenye nyaya vilivyotakiwa kuzishika. Vifungeni kwa skrubu. Kila tundu la bati lipate pete ya raba, na kabla ya pete pitisha tupa kwenye kingo. Kila ncha ya waya wa nyuzi nyingi ivae kikofia chake cha chuma na kibanwe. Usikaze skrubu juu ya nyuzi zilizotawanyika kama ufagio, kwa sababu uzi mmoja ukibaki nje unatosha kugusa terminali ya jirani. Ukishakaza, vuta. Vuta kwa vidole. Ukitoka, umekuonyesha mapema.

Mlango nao uwe na waya wake wa ethi, yaani wa kwenda ardhini, wa kijani na njano, kutoka kwenye mwili wa paneli. Msitegemee bawaba. Bawaba ina rangi na grisi, na rangi haipitishi umeme. Paneli ya Ifakara haikuwa na waya huo. Namshukuru Mungu kwamba waya uligusa mwili wa paneli na si mlango, maana mlango ndio mwenye mashine alikuwa akiushika kila asubuhi.

Kuna jambo la pili la mlango huo huo. Mwenzangu mmoja, tulikuwa vijana pamoja, aliingia kwenye paneli ya kiwanda kubadilisha kontakta, ile swichi ya sumaku inayowasha mota. Alizima mein swichi, akaifunga kwa kufuli, akafanya yote tuliyofundishwa. Kisha akafungua mlango, akainama ndani, na kiwiko chake kikagusa nyuma ya mlango. Nyuma ya mlango kulikuwa na voltimita, terminali zake wazi, hazina kifuniko. Nyaya za voltimita ile zilichukuliwa kabla ya mein swichi, ili mwenye kiwanda aone kama umeme umerudi hata swichi ikiwa imezimwa. Mein swichi imezimwa, mita iko hai. Alirushwa akaangukia mgongo. Aliishi, lakini mkono ule haukurudi kama zamani, na fundi asiye na mkono wake wa kulia mnajua maisha yake yanavyokuwa.

Je, ni kosa kuchukua umeme wa mita kabla ya mein swichi? Si kosa. Mara nyingine inahitajika. Kosa ni kunyamaza. Ukifunga hivyo, wajibu wako ni vitu vitatu: terminali ziwe na kifuniko ambacho kidole hakipiti, fyuzi za mita ziwe mahali zinapoweza kuzimwa peke yake, na kibandiko kikubwa kwa Kiswahili: HATARI, NYAYA HIZI ZINA UMEME HATA SWICHI KUBWA IKIZIMWA. Kwa Kiswahili, ndugu zangu. Anayefungua mlango ule saa nane za usiku anaweza kuwa mlinzi.

Nimesema kuna hadithi ya kuthibitisha. Hii hapa.

Tulikuwa kwenye shule moja ya bweni, mimi na mjomba na kijana mwingine. Umeme wa mji ulikuwa umekatika. Kwenye paneli kulikuwa na taa tatu, nyekundu, njano na bluu, zile za kuonyesha fezi. Zote zimezimika. Mshale wa voltimita umelala kwenye sifuri. Yule kijana akachukua bisibisi akanyoosha mkono. Mjomba akampiga kofi la mkono, bisibisi ikaanguka. Akamuuliza: "Taa imekufa, au umeme umekufa?"

Yule kijana akasema, "Mjomba, si mita inaonyesha sifuri?"

Mjomba hakumjibu. Alitoa kipimo chake, akaenda kukijaribu kwenye betri ya gari lililotuleta, kikasoma. Akarudi, akapima basibaa. Volti 228 kati ya fezi moja na nyutro, waya wa kurudishia umeme. Shule ilikuwa na jenereta ndogo jikoni, na mtu alikuwa ameiunganisha kwa kuichomeka kwenye soketi ya ukutani, bila swichi ya kubadilishia kati ya umeme wa mji na jenereta. Umeme ulikuwa unarudi nyuma hadi kwenye paneli. Mbona taa hazikuonyesha? Fyuzi ya mita na taa za fezi ile ilikuwa imekufa, labda miezi, na hakuna aliyejua. Fezi nyingine mbili hazikuwa na umeme kweli.

Mnaona ugumu wake? Nimetumia nusu saa nawaambia mfunge fyuzi kwenye nyaya za mita. Na fyuzi hiyo hiyo ikikata, mita inasema sifuri, na sifuri hiyo ni ya uongo. Je, tuache fyuzi? Hapana. Tuache kuiamini sifuri ya mlangoni. Taa ya mlangoni na mshale wa mlangoni vinaweza kukuambia umeme upo. Haviwezi kukuambia haupo. Vinaweza kukuambia upo. Haviwezi kukuambia haupo.

Kwa hiyo kazi ni hatua tatu, hazipungui. Jaribu kipimo chako kwenye umeme unaoujua upo. Pima pale unapotaka kufanya kazi. Rudi ujaribu kipimo tena kwenye umeme ule ule unaoujua, maana betri yake inaweza kufa au waya wake kukatika katikati ya hatua ya kwanza na ya pili. Kwa kujaribia, tumia umeme wa aina ile ile utakaopima, volti za ukutani kwa volti za ukutani. Mjomba siku ile alikuwa na betri ya gari tu, na alihama kutoka alama ya umeme wa betri kwenda alama ya umeme wa ukutani. Mimi leo nisingeridhika na hilo. Na ukipima paneli ya fezi tatu, usipime mara moja ukaridhika. Kuna fezi tatu, nyutro na ethi. Kila kimoja na kila mwenzake ni vipimo 10. Vihesabuni kwa vidole. Chini ya 10 hujamaliza.

Mita ya mkononi nayo ina nyaya zake, na yote niliyosema yanaihusu. Ncha za kupimia: sehemu ya chuma iliyo wazi isizidi milimita 4, na mwongozo wa usalama kazini wa Uingereza unahimiza 2 au chini. Kwa nini? Ncha ndefu ikiteleza inagusa fezi mbili kwa mpigo, na mkono wako uko hapo. Tafuteni mita iliyoandikwa CAT III, alama ya daraja la usalama wake, ikiwa mnapima kwenye paneli, na CAT IV ikiwa mnapima pale umeme unapoingia kutoka nguzoni. Na nyaya za kupimia ziwe na daraja hilo hilo. Mita ya CAT III yenye nyaya za bei ya chini si ya CAT III tena.

Na lile tundu la ampea 10. Nimeona mita ikilipuka mkononi mwa mtu kwa sababu hiyo. Alikuwa amepima ampea asubuhi, akasahau waya mwekundu kwenye tundu la ampea, mchana akapima volti. Kwenye tundu la ampea mita ina ukinzani karibu na sifuri. Ni sawa na kuunganisha fezi na nyutro kwa kipande cha shaba. Fyuzi ya ndani ya mita ingemwokoa, lakini ilikuwa imekata siku nyingi, na ndani yake kulikuwa na karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara imekunjwa vizuri. Alipoteza nyusi na akakaa wiki mbili haoni vizuri kwa jicho la kushoto. Vijana wangu, kama kuna mmoja wenu ana karatasi ile kwenye mita yake sasa hivi, na ninajua yupo, aitoe leo kabla hajalala.

Testa ya bisibisi mnaipenda kwa sababu inakaa mfukoni. Taa yake inawaka kwa umeme unaopita mwilini mwako. Ukisimama juu ya stuli ya plastiki na ndala kavu, inafifia. Kwenye jua la saa saba huioni. Itumieni kutafuta, msiitumie kuthibitisha.

Rangi nitazipitia haraka. Sisi tulirithi rangi za Waingereza: nyekundu, njano, bluu kwa fezi, nyeusi kwa nyutro. Wao wenyewe walianza kuziacha mwaka 2004, na kufikia Aprili 2006 rangi mpya zikawa lazima kwao kwenye kazi mpya: kahawia, nyeusi, kijivu kwa fezi, bluu kwa nyutro. Mashine zinazoingia bandarini zinakuja na rangi hizo. Bluu ya zamani ni fezi, bluu mpya ni nyutro. Nyeusi ya zamani ni nyutro, nyeusi mpya ni fezi. Paneli moja inaweza kuwa na zote mbili. Kwenye nyaya za mita wekeni namba ncha zote mbili, na hakikisheni kwa kipimo, msihakikishe kwa macho.

Na kwa wale watakaofunga mita za ampea zenye CT, ile transfoma ndogo inayopunguza ampea ili mita izisome: huko kanuni inageuka. Nyaya za voltimita lazima ziwe na fyuzi. Nyaya za CT zisiwekewe fyuzi kamwe, wala zisifunguliwe mzigo ukiwa unapita. CT ikifunguliwa inapandisha volti kwenye ncha zake hadi kiwango cha kuua na kuchoma ganda lake yenyewe. Ukitaka kubadilisha mita ya ampea, kwanza unganisha ncha za CT pamoja, ndipo uiondoe. Mita mbili ziko pamoja mlangoni, zinafanana kama pacha, na kila moja ina sheria iliyo kinyume cha mwenzake. Ziandikeni.

Ule waya umefika wapi? Umefika safu ya tatu. Uendelee.

Pale kwenye meza karibu na dirisha nimeweka paneli tupu, voltimita moja, swichi yake ya kuchagulia fezi, vishikio vitatu vya fyuzi, waya wa milimita za mraba 1.5 wa nyuzi nyingi, vikofia, pete za raba, tai na skrubu. Nataka mfunge wawili wawili, na nitavuta kila ncha kwa vidole vyangu. Nimewaambia paneli ni tupu, haina umeme. Msilichukue neno langu. Mita iko pale, na soketi ya ukutani nyuma yake ina umeme wa kuijaribia. Nani anaanza?